"Plumber" maana yake nini na neno limetoka wapi? Maswali ninayoulizwa kila siku mimi fundi bomba

Kibao changu kiko barabarani mwaka wa saba sasa, bati jeupe maandishi mekundu, juu PLUMBER chini FUNDI BOMBA halafu namba ya simu. Nilidhani watu watapiga simu kuuliza bei ya kufunga tangi, kumbe nusu wanasimama kuuliza hilo neno. Dogo mmoja wa kidato cha pili ndo alinichokoza kabisa, alinikuta nafunga koki nje kwa jirani yao akauliza fundi hiyo b katikati inafanya nini mbona mwalimu haisomi, nikamjibu ujinga ujinga tu akaondoka, usiku nikakosa raha ikabidi nianze kutafuta na kusoma. Nikiwa mkweli nimelipenda hili neno kuliko nilivyotegemea. Majibu nimeyaweka hapa ili nisiwe narudia, na kama sehemu nyingine naruka ruka mnivumilie, nyingi nimeandika site nasubiri gundi ya PVC ikauke.

Kwa kifupi, plumber maana yake nini?

Leo ni fundi bomba, basi. Anayeleta maji ndani ya nyumba na kuyatoa yakishachafuka.

Ila ukilifungua neno lenyewe ndani hakuna maji wala bomba, kuna risasi. Kilatini, yaani lugha ya Warumi wa kale, risasi inaitwa plumbum, na mtu anayefanya kazi ya risasi ni plumbarius. Wafaransa wa zamani wakalichukua likawa plomier, na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 wakaja na Kifaransa chao, maneno mengi ya kazi za mikono yakaingia kwenye Kiingereza kwa mlango huo. Karibu na mwaka 1100 tayari kuna watu Uingereza wanaitwa hivyo kama jina la ukoo, na kufika karne ya 14 ni jina la kazi la kawaida. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno ni "fundi risasi". Ukiandika hivyo kwenye kibao leo hii polisi watakuja kabla ya mteja.

Risasi ipi, ya bunduki?

Hiyo hiyo. Hapa ndo Kiswahili kinanifurahisha, sisi neno ni moja kwa madini na kwa kinachotoka kwenye bunduki, na tumelitoa Kiarabu ambako nako rasas ni risasi zote mbili. Sababu iko wazi, zamani kitu cha kutupwa na bunduki kilikuwa kigololi cha risasi kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Siku hizi watu wengi ukiwaambia risasi wanaona bunduki tu, wamesahau kwamba ni madini kama chuma na shaba.

Wavuvi hawajasahau. Mimi nimekulia Tanga na mjomba wangu alikuwa anavua, nyavu zake juu zina maboya na chini zina risasi za kuzivuta ziende chini, na mshipi wake una chubwi. Akiishiwa hanunui. Anachukua betri ya gari iliyokufa, anaipasua, zile sahani za ndani anazitia kwenye sufuria lililotoboka mpini, anaweka juu ya jiko la mkaa nyuma ya banda, na haichukui muda, unaona kile kitu cha kijivu kinalegea kama samli halafu ghafla kimekuwa kioo, kinang'aa, unajiona uso. Anamimina kwenye vishimo alivyobonyeza kwa kidole kwenye mchanga wenye unyevunyevu. Ikipoa anatoboa tundu kwa msumari, kazi imekwisha. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 hivi wakati chuma inataka zaidi ya 1,500, ndo maana jiko la mkaa linatosha na hata watu wa miaka elfu mbili iliyopita waliiweza bila shida.

Sasa yule mjomba na sufuria lake ndo plumbarius mwenyewe, kuliko hata mimi niliye na cheti. Ila msimuige jamani! Ule moshi ni sumu na yale maji ya betri ni tindikali, sisi watoto tulikuwa tumechuchumaa pale pale tunaangalia, nikikumbuka leo nasisimka.

Haya, risasi na maji vilikutana wapi?

Roma. Warumi walikuwa na mifereji mikubwa ya mawe inaleta maji mjini toka milimani, yakifika yanaingia kwenye matangi ya kugawia, na toka pale kwenda kwenye mabafu, visima vya umma na nyumba za wenye nazo yanapita kwenye mabomba ya risasi. Kwa nini risasi? Kwa sababu ni laini, unaikata kwa kisu, unaikunja kwa mkono, haipati kutu kama chuma, inayeyuka kirahisi na ilikuwepo tele kwa sababu inapatikana pamoja na fedha, wao wanachimba fedha risasi inabaki.

Utengenezaji wake ukiwa fundi utaupenda. Hawakuwa na mashine ya kusukuma bomba zima. Walimimina risasi iliyoyeyuka ikawa shiti bapa, wakaikata urefu wa futi 10 hivi, wakaikunja kuzunguka gogo la mviringo mpaka kingo zikutane, halafu ule mshono wakauziba kwa risasi nyingine. Ukikata bomba la Kirumi katikati haliko duara, limechongoka upande wa juu kama tone la maji au kama pera. Na saizi walikuwa wanaziita kwa upana wa ile shiti kabla haijakunjwa, wakihesabu kwa vidole. Vitruvius, msanifu majengo wa enzi hizo, ameandika kwamba shiti ya vidole 5 yenye futi 10 iwe na uzito wa ratili 60 za Kirumi, ambazo ni kama kilo 20, na ile kubwa ya vidole 100 ratili 1,200, karibu kilo 400. Bomba moja hilo. Mimi nikibeba PVC ya inchi nne begani nalalamika.

Mengi yalipigwa chapa ya majina, jina la mfalme au mwenye nyumba, saa ingine na jina la fundi aliyelitengeneza, kwa hiyo kuna mafundi bomba wa karne ya kwanza tunawajua kwa majina mpaka leo. Na kwenye mji wa Bath kule Uingereza, bwawa kubwa la Warumi limetandikwa chini shiti 45 za risasi ambazo bado ziko pale.

Kuna bwana mwingine anaitwa Frontinus, aliteuliwa mwaka 97 kuwa msimamizi wa maji ya Roma, kama mkurugenzi wa mamlaka ya maji tuseme. Ameandika kitabu kizima, na unajua analalamikia nini? Watu kujiunganishia maji kinyemela. Wafanyakazi wake wenyewe wanatoboa mabomba njiani wanauza maji pembeni, na walipoanza kung'oa yale maunganisho ya wizi ikapatikana rundo kubwa la risasi. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Kwa hiyo plumber wa Uingereza ya zamani naye alikuwa wa maji?

Hapana, na hapa wengi wanateleza. Warumi walipoondoka ule ufundi wa maji ya bomba majumbani ulififia sana kule, lakini risasi ikaendelea na kazi nyingine. Plumber wa karne ya 14 muda mwingi yuko juu ya paa la kanisa. Makanisa makubwa na ngome viliezekwa kwa shiti za risasi, mifereji ya kukinga mvua ilikuwa ya risasi, vipande vya vioo vya rangi madirishani vilishikiliwa na vipande vya risasi, majeneza ya wakubwa yalifunikwa risasi ndani. Vyote hivyo ni vya plumber au vinapita karibu yake. Mafundi wa London walikuwa na sheria za chama chao toka mwaka 1365, na mwaka 1611 mfalme James wa Kwanza akawapa hati ya kifalme. Chama hicho bado kipo.

Ukitaka kupata picha ya risasi nyingi inakaa wapi kwenye jengo, kumbuka kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua Aprili 2019, paa na mnara wake vilikuwa na risasi kama tani 460, watu wa mtaa ule wakaanza kupimwa damu.

Neno likahamia rasmi kwenye mabomba karne ya 19. Miji ilipoanza kuvuta maji mpaka ndani na vyoo vya kuvuta vikaenea, kazi kubwa ya mtu wa risasi ikawa mabomba ya risasi, paa likabaki pembeni. Halafu mabomba yenyewe yakaja kuwa ya chuma, shaba, plastiki, jina halikung'oka. Mimi mpaka leo sijawahi kugusa bomba la risasi kazini hata moja na bado naitwa fundi risasi kwa Kiingereza.

Kwa nini b haitamkwi?

Swali la yule dogo hili. Inasomwa kama "plama". Kenya nimesikia sana "plamba" na hata hapa Bongo wapo, hakuna anayekufa.

Wafaransa walipolichukua neno toka Kilatini b ilishadondoka njiani, ndo maana wao walisema plomier na Waingereza wa zamani waliandika plummer au hivi hivi, kila mtu na spelingi yake. Baadaye wasomi waliojua Kilatini wakaona aibu neno halifanani na babu yake plumbum, wakairudisha b kwenye karatasi. Kwenye midomo ya watu haikurudi. Hawakuishia hapo, debt na doubt nazo zimebandikwa b kwa mtindo huo huo. Wale wenye jina la ukoo la Plummer hawakuguswa, wakabaki na m mbili kama zamani.

Mimi kibao changu cha kwanza mchoraji aliandika PLUMMER. Nikamwambia umekosea, akafuta m moja akachomeka b nyembamba imebanwa kama abiria wa nyuma kwenye bajaji. Sikujua kama wote wawili tunarudia historia ya Kiingereza pale kwenye kibaraza, yeye ameandika ya zamani mimi nikajifanya msomi wa Kilatini. Na nilimkata buku mbili kwa kosa hilo. Kaka kama unasoma hapa njoo uchukue.

Na ile Pb ya kwenye kemia?

Ndiyo, ni plumbum. Ile ndo sababu Pb haifanani na lead, elementi namba 82. Ukishajua hili hutokaa uisahau kwenye mtihani.

Penseli nayo ina risasi?

Haina. Waarabu wanaiita kalamu ya risasi, na Kiswahili cha zamani nacho kilisema hivyo hivyo, Waingereza kile kiini wanakiita lead mpaka leo. Ni makosa ya kihistoria, ile ni grafaiti, watu wa zamani waliona ni nyeusi inaacha alama wakadhani ni aina ya risasi. Mtoto akitafuna penseli mgombeze kwa sababu nyingine.

Kuna maneno mengine ya ukoo huo?

Mengi, na mengine huwezi kuyashuku.

La kwanza ni plumb, ambalo kwetu ni timazi. Kila mwashi anayo, kipande cha chuma au shaba kimechongoka chini kinaning'inia kwenye uzi, unakiachia kando ya ukuta, unasubiri kitulie kisicheze cheze, halafu unaangalia uzi na ukuta kama vinakwenda sambamba toka juu mpaka chini. Zamani kile kizito kilikuwa risasi, jina likatoka hapo. Usichanganye na pima maji, ile yenye kichupa cha kijani na povu ndani. Vijana siku hizi wana pima maji tu, timazi wanaiona ya wazee, lakini ukuta wa mita tatu mimi naamini uzi. Toka hapo Wafaransa wakapata à plomb, kusimama wima sawasawa na timazi, Kiingereza kikaligeuza aplomb, mtu anayejiamini hayumbi.

Plummet mwanzoni ni kile kizito chenyewe, baadaye ikawa kuporomoka, bei zinaporomoka kama risasi kwenye maji. Na plunge, kutumbukia, nalo linarudi huko huko, inasemekana ni toka kwenye kutupa risasi baharini kupima kina. Mabaharia wetu kile kifaa wanakiita bildi, kamba na kizito mwisho wake, unatupa, unahesabu pima ngapi mpaka iguse chini.

Wasio ndugu ni plum, lile tunda, hilo limetoka kwenye neno jingine la Kilatini, prunum. Na plume ya manyoya ya ndege, hilo ni pluma. Kufanana sura siyo undugu.

Ni kweli Warumi waliisha kwa sababu ya mabomba ya risasi?

Hii inapendwa sana mitandaoni na mimi siinunui. Risasi ni sumu kweli, hasa kwa watoto, inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu na hakuna kiwango kidogo unachoweza kusema hiki ni salama. Na Warumi wenyewe walishtuka mapema, yule yule Vitruvius anayetoa vipimo vya mabomba anasema maji ya mabomba ya udongo ni mazuri zaidi kiafya, akatoa mfano kwamba waangalie mafundi risasi wenyewe walivyopauka nyuso. Yaani alikuwa anatuonea huruma sisi.

Lakini maji yao mengi yalikuwa na chokaa, yanajenga ganda ndani ya bomba na kuizuia risasi isiguse maji, na tena yalitiririka usiku na mchana bila kukaa. Watafiti walipima tope la bandari ya zamani ya Roma mwaka 2014 wakakuta maji ya bomba ya mjini yalikuwa na risasi mpaka mara 100 zaidi ya maji ya chemchemi za pale, ila wakasema haielekei kuwa iliwadhuru kiasi hicho. Kibaya zaidi pengine kilikuwa ile sharubati ya zabibu waliyochemsha kwenye masufuria ya risasi wakaitia kwenye mvinyo na vyakula. Kusema dola nzima ilianguka kwa bomba ni kumpa fundi lawama za wanasiasa.

Mabomba ya risasi bado yapo?

Yapo, na yapo nchi tajiri, watu wakisikia hivi hawaamini. Chicago ilikuwa na sheria inayolazimisha bomba la kuingiza maji nyumbani liwe la risasi mpaka mwaka 1986 Marekani ilipopiga marufuku nchi nzima, na mpaka juzi juzi walikuwa wanahesabu karibu mabomba 400,000 ya hivyo yamelala chini ya mji.

Flint, Michigan, ndo mfano wa kufundishia. Mji wa watu kama laki moja. Aprili 2014 wakabadili chanzo cha maji ili kubana matumizi, wakaanza kutumia mto wao wenyewe, maji yale yalikuwa makali kwa mabomba na hawakuweka dawa ya kuyatuliza. Lile ganda la kinga nililosema hapo juu likabanduka, risasi ikaanza kuingia kwenye maji, watoto wakanywa. Wananchi wanabeba chupa za maji ya rangi ya chai kwenye mikutano wanaambiwa yako sawa. Kwa fundi hapo kuna somo moja, bomba na maji vinaishi pamoja, ukibadili kimoja lazima uulize kingine kinasemaje.

Sisi huku mabomba tunayokutana nayo ni ya chuma ya mabati kwa nyumba za zamani, PVC na PPR, yaani ya plastiki, kwa mpya, sasa wasiwasi wa risasi kwetu haukai sana kwenye bomba, unakaa kwenye betri na rangi. Mombasa kitongoji cha Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kikatoa sumu kwa majirani, mama aliyewapigania, Phyllis Omido, alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Kenya ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Ndo maana nikawaambia msimuige mjomba.

"Fundi bomba" nalo limetoka wapi?

Hili ni la kwetu na ni tamu. Bomba ni Kireno, maana yake pampu, limeingia pwani zile zama Wareno wakiwa Mombasa na kwingine, ndugu yake meza, gereza na leso. Toka pampu likahamia kwenye kitu chochote chenye tundu kinachopitisha kitu, bomba la maji, bomba la moshi, bomba la sindano hospitali, halafu mtaani likawa sifa, kitu bomba, mtoto bomba. Fundi lenyewe liko ukoo mmoja na funda, fundisha na mwanafunzi, kwa hiyo ni mtu aliyefundwa akaiva.

Nilichokipenda ni kwamba Rio de Janeiro, Brazil, ambako pia wanasema Kireno, fundi bomba wanamwita bombeiro, wa bomba. Ni neno lile lile la zimamoto, kwa sababu zimamoto nao ni watu wa pampu. Wao na sisi tumefika sehemu moja kwa kupitia mlango mmoja bila kuulizana.

Nchi nyingine wanaitaje?

Ufaransa plombier, risasi ile ile, na ndugu zetu wa Lubumbashi, Goma na Bujumbura wanaochanganya Kiswahili na Kifaransa utawasikia wanasema hivyo. Mwaka 2005 Wafaransa waligombana sana juu ya "plombier wa Poland", wakiogopa mafundi wa bei poa wangewavamia, Poland wakajibu kwa bango la utalii lenye fundi mtanashati kashika bomba. Hispania ni fontanero, wa chemchemi, lakini sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini ni plomero, wamerudi kwenye risasi.

Kwa walioko Muscat na Dubai, Kiarabu ni sabbak, na hilo linatokana na kuyeyusha na kumimina madini. Angalia sasa, Warumi na Waarabu wote wawili walimwangalia huyu mtu wakaona sufuria la moto, sisi na watu wa Rio tukaona pampu, Mhispania akaona chemchemi.

Mbona Marekani kuna wapelelezi waliitwa plumbers?

Kweli. Mwaka 1971, baada ya siri za vita ya Vietnam kuvuja magazetini, watu wa rais Nixon waliunda kikundi cha kuziba mivujo, wakajiita Plumbers kwa utani na hata kibao waliweka mlangoni. Baadhi yao ndo waliokuja kuhusika na uvunjaji wa Watergate mwaka 1972, na Nixon akajiuzulu 1974. Utani wenyewe hauhitaji tafsiri kwetu, siri inavuja, mtihani unavuja, bomba linavuja. Ila wale walikuja kuziba wakaishia kupasua bomba kuu.

Na Thomas Crapper ndo aligundua choo?

Hapana. Alikuwa fundi na mfanyabiashara hodari wa London, 1836 mpaka 1910, alikuwa na hataza zake kadhaa, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, na akakiuza choo mpaka kwa wakubwa. Choo cha kuvuta John Harington alishakieleza mwaka 1596, na Alexander Cumming alipata hataza mwaka 1775 kwa kile kikono cha bomba kilichopinda kinachobakiza maji kuzuia harufu. Lile neno chafu la Kiingereza linalofanana na jina lake lilikuwepo kabla yake, masikini.

Na Mario, yule fundi bomba wa kwenye gemu, mwaka 1981 alianza kama seremala. Amehamia kwetu 1983.

Majina mengine ya kazi kwa Kiingereza nayo yana siri?

Yapo mazuri. Butcher, muuza nyama, linatoka Kifaransa cha zamani kwenye bouc, beberu, kwa hiyo mwanzo alikuwa mchinja mabeberu. Tailor ni mkataji, siyo mshonaji, na mafundi cherehani watakuunga mkono kwamba kazi iko kwenye mkasi. Carpenter kwa Warumi alikuwa mtengeneza mikokoteni. Grocer ni muuza jumla, yaani aliyekuwa anauza kwa gunia leo anauza nyanya za mafungu. Doctor ni mwalimu, linatokana na kufundisha, kwa hiyo kwa maana hiyo daktari naye ni fundi tu kama sisi.

Kibaoni niandike plumber au fundi bomba?

Andika yote mawili, kuna wateja wa huku na huku. Kama umepita VETA cheti chako kimeandikwa kwa Kiingereza na ajira za makampuni zinatangazwa kwa Kiingereza, utalihitaji. Usijiite pipe fitter kama kazi yako ni vyoo na masinki, yule ni wa viwandani, mabomba ya mvuke na gesi na mafuta, ukipelekwa huko utaumbuka. Spelingi ni P-L-U-M-B-E-R, mwambie mchoraji herufi kwa herufi kabla hajachovya brashi, b aipange mapema isije ikabanwa. Na namba ya simu iwe kubwa kuliko neno lenyewe, mtu ambaye bomba limempasukia jikoni saa tano usiku hana muda wa Kilatini.